Kulwa na Doto Walale Wapi Usiku?

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Shikamooni wakubwa zangu wa Tanga: Ngamiani, Chumbageni, Makorora na Pongwe. Wa Lushoto pia leo nimewaweka, maana baridi yenu ina mambo yake. Hapa ni Leicester, Uingereza, kazi yangu ni ukunga, na video ya leo ni ya jambo moja tu: mapacha wakitoka hospitali, usiku walale wapi na walaleje.

Nitoe jibu kwanza, halafu tulichambue. Kila mtoto awe na mahali pake. Mahali hapo pawe bapa, pagumu, patupu, na pawe karibu na mama kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Na walale chali, usiku na mchana, hata usingizi wa dakika kumi.

Najua wengi mmelelewa kitanda kimoja na mama, na mtu ataniuliza: mbona sisi tulikua? Mapacha wana hesabu yao. Zaidi ya nusu yao huku Uingereza na Marekani huzaliwa kabla ya wiki 37, na wengi hawafiki kilo 2.5. Mtoto njiti au mwenye uzito mdogo ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa usingizini. Shingo yake haina nguvu, hawezi kugeuza uso ukibanwa na shuka au ubavu wa mtu, na ubongo wake bado haumwamshi haraka hewa ikipungua. Huku tunawaambia wazazi waziwazi: mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au chini ya kilo 2.5, asilale kitanda kimoja na mtu mzima, hata kama mzazi havuti sigara wala hajanywa chochote. Ongeza na mama mwenyewe: ananyonyesha wawili, usingizi wake ni wa kuzimia. Hata aliyezoea kulala macho nusu, mapacha humshinda.

Kuhusu chali. Bibi zangu wana hofu kwamba mtoto akicheua atapaliwa. Nawaonesha hapa kwenye shingo ya huyu mwanasesere. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Maziwa yakirudi, ili yaingie kwenye hewa lazima yapande juu, na mtoto huyameza au huyatema. Mgeuze kifudifudi, mpangilio unageuka: sasa njia ya hewa iko chini, na maziwa yanateremkia huko. Ubavu nao ni njia ya kuelekea kifudifudi, kwa sababu anayelazwa ubavu huporomoka. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na kote huko vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kitu kikubwa kilichobadilika ni mgongo.

Sasa lile swali la kila nyumba: "Walizoea kulala pamoja tumboni, kwa nini tuwatenganishe?" Tumboni hawakuvuta hewa kwa pua. Hewa yao ilipita kwenye kitovu, kwa hiyo mmoja kumlalia mwenzake usoni hakukuwa na neno. Wakishazaliwa, mkono wa Doto juu ya pua ya Kulwa ni jambo zito, na Kulwa hawezi kuutoa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema kila pacha na kitanda chake tangu siku ya kwanza. Huku Uingereza tunaruhusu kitanda kimoja cha kizimba wakiwa wadogo sana, kwa masharti, na kikapu kimoja haturuhusu kabisa. Mimi nasimama na Wamarekani kwa hili. Ila kama kitanda ni kimoja tu, walaze hivi, angalieni: miguu ya huyu iguse ubao wa huku, miguu ya yule iguse ubao wa kule, utosi kwa utosi na nafasi wazi katikati. Kila mmoja na nguo zake. Usiweke taulo lililoviringishwa wala mto katikati kama ukuta, kwa sababu ukuta laini ndio utakaomziba pua. Siku mmoja wao akionesha kujaribu kugeuka, hata nusu, watenganishe siku hiyohiyo.

Nije kwa fundi seremala, maana Tanga mafundi wapo na mbao zipo. Mwambie ndani iwe sentimita 120 kwa 60. Nafasi kati ya fito na fito iwe kati ya sentimita 4.5 na 6, isizidi. Ukienda kuchukua kitanda, nenda na kopo la soda: likipenya kati ya fito, mrudishie, kwa sababu mwili wa mtoto utapita na kichwa kitakwama. Kutoka ubao wa chini hadi ukingo wa juu iwe sentimita 66. Nguzo za pembeni zisichomoze juu ya ukingo, nguo hunasa hapo. Ubao wa kichwani usichongwe maua yenye matundu. Najua mafundi wetu wanajivunia nakshi, wazichonge kwenye kitanda cha bwana na bibi harusi. Na mwambie atumie boliti na skrubu. Kwa unyevu wa pwani mbao hutanuka na kusinyaa, misumari hulegea, na ubao wa chini huachia upande mmoja bila mtu kuona. Vanishi ikaukie nje mpaka harufu iishe kabisa, kwa hiyo agiza mapema. Mapacha huwahi.

Godoro ndipo watu wanapokosea zaidi. La sufi hapana: hulainika, hufanya mabonde, na mtoto huishia bondeni. Chukua la sponji ngumu, unene wa sentimita 10 unatosha. Bonyeza kwa ngumi, achia: shimo lirudi palepale. Likibaki na alama ya ngumi hata kwa sekunde chache, kichwa cha mtoto kitazama vilevile. Kisha lipime ndani ya kitanda. Vidole viwili vikiingia kati ya godoro na ubao, hapo ndipo mwisho. Vikiingia vitatu, godoro ni dogo. Usizibe pengo kwa nguo. Shuka livutwe na kukunjwa chini ya godoro pande zote nne, na juu yake asiwepo mtu mwingine wala kitu kingine ila mtoto.

Sasa wapo watakaosema chumba ni kimoja, kitanda ni tano kwa sita, na hela ya vitanda viwili haipo. Kwenu nina jambo linalonifurahisha sana. New Zealand, jamii ya Wamaori walikuwa na tatizo hilihili: wanapenda kulala na watoto, na watoto walikuwa wanakufa. Kuanzia mwaka 2006 walianza kusuka kikapu cha mtoto kwa majani ya mmea wao wa harakeke, wakakiita wahakura. Kikapu kinakaa kitandani pamoja na mama, lakini mtoto yuko ndani ya ukingo wake, na shuka la mama halimfikii. Jamani, nani anawazidi wanawake wa Tanga na Pemba kwa kusuka ukili? Miyaa na ukindu tunavyo.

Msusi mpe vipimo hivi: ndani sentimita 70 kwa 35, ukingo wima wa sentimita 15 hadi 20, kitako bapa kisicho na kitovu katikati. Chini weka sponji ngumu ya sentimita 2 au 3 iliyokatwa kufuata umbo, ifunikwe kwa kanga iliyovutwa kabisa. Mapacha ni vikapu viwili. Kwa nje kila kimoja ni kama sentimita 40, viwili vinakula 80, na kitanda cha futi tano kina sentimita 152. Mama anabakiwa na 72. Baba atandikiwe kwingine. Vikapu vyote viwili vikae upande wa ukuta, kitanda kisukumwe kiguse ukuta, mama alale nje.

Kuna kosa moja hapo. Godoro la mama likiwa laini, yeye akilala tu linabonyea na vikapu vinainamia kwake. Jaribu hivi kabla ya kuweka mtoto: mama alale mahali pake, weka ndimu katikati ya kila kikapu kitupu. Ndimu ikitulia, vizuri. Ikibingirika, weka mbao chini ya godoro, au shusha vikapu vikae sakafuni juu ya mkeka, ndani ya chandarua. Kikapu hiki ni cha miezi mitatu, minne hivi. Mtoto akianza kugeuka au kuinuka kwa mikono, kikapu kimekwisha kazi yake.

Kitanda cha kamba na susu ni kisa kimoja. Vyote vinabonyea katikati, na ukiwaweka wawili wanakutana bondeni uso kwa uso. Hata mmoja, susu humkunja kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa ya mtoto mchanga ni laini, ikikunjwa inafunga. Susu ni ya kumbembelezea mtoto, na mtu mzima awe amesimama pale anatazama. Akisinzia, mhamishe.

Hapa naomba nizungumze na wenzangu wa Muscat, London na kwingineko mnaojaza kontena. Msitume zile bampa, mito myembamba ya kuzungushia kitanda kwa ndani. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2022, pamoja na viti vya kulalia vyenye mwinamo unaozidi digrii 10. Msitume viota laini vya kulalia, mito ya watoto, wala kitanda cha mtumba chenye ubavu unaoshuka, hicho Marekani hakiuzwi tangu 2011. Kiti cha gari ni cha gari, mtoto asilazwe humo sebuleni. Ukitaka kutuma kitu, tuma shuka nne za kubana godoro na kipimajoto.

Joto sasa. Maelekezo ya huku yanasema chumba kiwe nyuzi 16 hadi 20, na Tanga wakati wa kaskazi hiyo ni ndoto. Kwa hiyo kinachopunguzwa ni nguo. Nepi na fulana moja nyepesi basi. Kofia ni ya siku za mwanzo hospitalini na wakati wa kubebwa kangaroo, yaani ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama. Akilala nyumbani, ivue, isipokuwa nesi amekuagiza vingine kwa uzito wake. Usipime kwa mikono na miguu, hiyo huwa baridi tu. Ingiza vidole nyuma ya shingo au kifuani: pakiwa na jasho, punguza nguo. Feni iwake, ila isiwaelekee usoni. Umeme ukikatika, fungua dirisha, usifunike kitanda kwa kanga. Lushoto mwezi wa saba ni hadithi nyingine: nguo mbili tatu za kubana mwili, au mfuko wa kulalia. Kama ni blanketi, miguu iguse mwisho wa kitanda, blanketi liishie kwapani na likunjwe chini ya godoro.

Chandarua kipya chenye dawa kitundike kivulini siku nzima kwanza. Kikubwa kinachofunika mama na vikapu vyote kinafaa kuliko vile vidogo vya mwavuli, kwa sababu mkono wa mtoto ukigusa neti mbu anauma kupitia matundu. Kikunjwe chini ya godoro pande zote, kisining'inie juu ya uso.

Na moshi, mama zangu. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha mzazi, hata kama ni arobaini na mwili unataka kukandwa. Maji yachemkie nje, yaletwe. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inaua mzazi na watoto pamoja. Udi na ubani fukizeni nguo nje, zipoe, ndipo mvae. Dawa ya mbu ya kuwasha, koroboi na mshumaa, visikaribie chandarua. Na hirizi au uzi wa shingoni uvuliwe anapolala. Funga mlangoni kama moyo unataka.

Usiku wa kunyonyesha: mmoja akiamka, mwamshe na wa pili, wanyonye pamoja, la sivyo hulali hadi alfajiri. Nyonyesha kitandani, usikae kwenye kochi. Shirika la Lullaby Trust la huku linaeleza kwamba kulala na mtoto kwenye kochi kunaweza kupandisha hatari hadi mara 50, kwa sababu anateleza kati ya mwili na mto wa kochi. Bibi au shangazi anayesaidia asimchukue mmoja akalale naye kitandani kwake. Msaada wake mkubwa ni kukaa macho saa ya kunyonya, apokee aliyeshiba, amcheulishe, amrudishe kikapuni chali. Mkigawana zamu mbili, moja hadi saa nane na nyingine hadi alfajiri, mama anapata usingizi wa kweli.

Kangaroo kwa njiti endeleeni kama mlivyofundishwa wodini, ngozi kwa ngozi, wamefungwa wima, vichwa vimegeuzwa pembeni na videvu vimeinuka. Mama aegemee, asijilaze bapa, na awepo mtu wa kumtazama akisinzia.

Kumfunga mtoto kwa kanga si vibaya akiwa chali: kanga moja, isipite mabega, vidole viwili viingie kifuani, nyonga ziwe huru. Akianza kugeuka, acha siku hiyo. Na mapacha hawaanzi siku moja, kwa hiyo mtazame kila mmoja peke yake.

Ukiona mtoto anavuta pumzi 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zinaingia ndani, amekataa kunyonya, joto limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, usingoje kuche. Hospitali ya Bombo hapo Tanga usiku kuna watu.

Vipimo vya fundi na vya msusi nimeviandika hapo chini ya video. Piga picha, umpelekee kabla ya mwezi wa saba wa mimba.