Lenzi ya Zenit kwenye kamera ya leo

DEO: Sikilizeni kwanza. (tik, tik, tik) Hiyo ni Helios 44-2, milimita 58, lenzi iliyokuwa ikija na kamera za Zenit enzi za Urusi ya Kisovieti. Ukipita kwenye nyumba za wazee waliosomea huko, si ajabu kuikuta kabatini.

ZUHURA: Na mwenyewe kashasahau kama ipo. Lakini Deo, huo mlio ni wa pete ya mbele. Mtu akiishika mara ya kwanza anachanganyikiwa, maana pete za tundu, lile linalopitisha mwanga, ziko mbili. Ya mbele ina namba, 2 hadi 16, na inalia. Kazi yake ni kuweka kikomo tu. Ya nyuma yake inateleza bila mlio, na hiyo ndiyo inayofunga vile vibapa vinane vya ndani.

DEO: Kwa nini mbili?

ZUHURA: Kwa sababu ukifunga tundu, kwenye kamera ya kioo unaona giza. Kwa hiyo unaweka kikomo, tuseme 5.6, unafungua tundu lote, unafokasi kwenye mwanga wa kutosha, kisha unazungusha ya pili bila kuangalia mpaka igote. Siku hizi wapiga video ndio wanaoifurahia hiyo pete, maana unabadilisha mwanga taratibu katikati ya shoti, na maikrofoni haisikii kitu.

DEO: Haya, swali la kila siku: itaingia kwenye kamera yangu?

ZUHURA: Hapo usianze na lenzi, anza na kamera. Ina kina gani kutoka mdomoni, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye sensa? Lenzi za skrubu, hizi za M42, yaani kipenyo cha milimita 42, zilichongwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Katikati palikuwa na kioo kinachoruka juu ukibonyeza shata, na kioo kinataka nafasi. Kamera zisizo na kioo, hizi mnazoziita mirolesi, hazina shida hiyo. Sony E ina kina cha milimita 18. Toa hesabu: adapta yako ni bomba tupu la milimita 27 na ushee. Haina kioo ndani wala waya.

DEO: Kwa hiyo haipunguzi ubora wa picha.

ZUHURA: Bomba tupu litapunguza nini? Ilimradi halichezicheze. Za bei ya chini sana hulegea, ukizungusha pete ya fokasi lenzi nzima inatikisika.

DEO: Na wenye Canon EOS za kioo? Mtaani bado zimejaa.

ZUHURA: Zina kina cha 44. Inabaki milimita moja na nusu hivi, adapta inakuwa nyembamba kama sarafu. Inakubali. Wenye msiba ni watu wa Nikon.

DEO: Ehee, watanuna.

ZUHURA: Wanune tu. Mdomo wa Nikon F, ule wa tangu 1959, ni 46.5. Kamera yenyewe imeshapitiliza milimita moja kabla hujaweka adapta yoyote. Ukiwa na Helios, mwisho wa fokasi yako ni kama mita 3. Uso wa mtu utapata, lakini jengo la ng'ambo ya barabara halitulii hata uzungushe pete mpaka kwenye ile nane iliyolala, alama ya mbali kabisa. Kuna adapta zenye kioo cha kusahihisha, mimi sizipendi. Umetafuta lenzi nzuri, halafu unaibandika kioo cha ovyo mgongoni!

DEO: Canon nao waliwafanyia wateja wao wenyewe hivyo hivyo.

ZUHURA: Lenzi zao za zamani za FD, ndiyo. Zinataka 42, na mwaka 1987 Canon wakaleta EOS ya 44. Aliyekuwa na sanduku la FD hakuwa na pa kuziweka kwenye kamera mpya. Ndiyo maana kwa miaka mingi zikauzwa kwa bei ya kutupa. Panasonic G1 ilipotoka 2008, kamera fupi isiyo na kioo, mlango ukafunguka, na bei nazo zikapanda.

DEO: Ukishaifunga, kamera inakataa kupiga. Watu wanadhani imeharibika.

ZUHURA: Haioni lenzi, basi. Ingia kwenye menyu, tafuta pale pa kuruhusu shata bila lenzi, washa. Kama kamera inatuliza mtikisiko yenyewe, iambie ni milimita 58, maana lenzi haiwezi kuisemea. Mwanga kamera itaupima vizuri, wewe shika tundu, iachie spidi ya shata. Na zile rangi nyekundu zinazokuonyesha kilipo fokasi, usiziamini ukiwa kwenye f/2, tundu likiwa wazi lote. Kuza picha kwenye skrini, tazama kope.

DEO: Sasa tuje kwenye sababu ya watu kuinunua. Ule mzunguko wa nyuma, majani yanavyozungukazunguka mtu.

ZUHURA: Nilijua utafika huko.

DEO: Ni mzuri, dada!

ZUHURA: Kwa picha ya kwanza ni mzuri, ya ishirini inachosha. Tena wengi hawaupati. Ule mzunguko unaishi pembeni mwa picha. Ukiwa na sensa ndogo ya APS-C, pembeni pote pamekatwa, na 58 yako inaona kama 87. Unabaki na lenzi ya kawaida ya picha za sura, nzuri tu, lakini si ile uliyoiona kwenye simu. Kama una sensa kubwa, msimamishe mtu mita mbili hivi, nyuma yake mbali kidogo kuwe na mti wenye jua linalopenya kwenye majani. Ukuta mweupe hauzunguki.

DEO: Tupite kwenye fangasi. Wewe ni mtu wa Tanga, unaijua.

ZUHURA: Pwani yote wanaijua. Kabla hujatoa hela, fungua tundu lote, washa tochi ya simu, mulika kutokea nyuma na utazame kwa mbele, kwa mshazari. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzinyuzi zimetambaa kama mizizi, rudisha. Fundi anaweza kuifuta, lakini ikishakula ile rangi iliyopakwa kwenye kioo, alama inabaki. Na ule mfuko wa ngozi iliokuja nao, utoe. Ngozi inashika unyevu. Chukua ndoo yenye mfuniko unaobana, weka vile vipakiti vya kukausha unyevu, funga.

DEO: Na mafuta kwenye vibapa?

ZUHURA: Joto linayeyusha grisi, inatambaa. Kwenye lenzi za springi vibapa vinanata, hilo ni tatizo. Hii Helios haina springi, unaifunga kwa mkono, kwa hiyo kwangu mafuta kidogo ni sababu ya kuombea punguzo.

DEO: Nimeletewa Super-Takumar 50 ya f/1.4, kioo chake kina rangi ya chai.

ZUHURA: Thoriamu hiyo. Waliichanganya kwenye kioo, nayo ina mionzi hafifu, na miaka ikienda kioo kinageuka njano. Kupigia picha haina shida, usijaribu tu kukisaga kioo chake. Ianike juani siku kadhaa, njano inapungua yenyewe. Jua tunalo.

DEO: Mwisho, harusi. Bibi harusi anatembea kuja kwako, f/2, fokasi ya mkono...

ZUHURA: Aa wapi! Piga nayo anapopakwa hina, amekaa, mikono imetulia.

DEO: Na ukumbini?

ZUHURA: Ukumbini weka lenzi inayofokasi yenyewe. Mteja kalipa.