Tazameni Ukingoni mwa Njia

Assalaam alaikum warahmatullah.

Vijana wangu, masika yakishika tu, picha ile ile hurudi. Gari imezama kwenye tope jekundu mpaka ekseli, watu wamekunja suruali wanasukuma, na chini pameandikwa: “Micheweni hii, viongozi wapo?” Watu wanatumiana mpaka usiku. Ukimuuliza aliyeituma amejuaje kama ni Micheweni ya Pemba, anakwambia, si unaiona minazi?

Minazi! Mnazi upo Tanga, upo Bagamoyo, upo Kilifi, upo Msumbiji, upo Komoro. Paa la makuti vivyo hivyo. Mtu anayeanza kutafuta mahali kwa mnazi amejichagulia pwani nzima ya Afrika Mashariki. Nimeshasema na leo narudia: tazameni chini, na mkitazama chini msitazame katikati ya njia, tazameni ukingoni.

Kwa nini si katikati? Kwa sababu barabara ya shamba haibaki na udongo wake. Lori linaleta kifusi cheupe cha jiwe la matumbawe, kinamwagwa juu ya udongo mwekundu ili gari zipite. Kwengine ni kinyume, udongo mwekundu umemwagwa juu ya jiwe ili kuziba mashimo. Ukisoma rangi ya njia umesoma machimbo ya kifusi, mahali hujapasoma bado. Kuzeni picha, nendeni kwenye mtaro uliochimbwa na maji, kwenye shimo la nguzo ya umeme, kwenye mizizi ya mti ulioanguka. Pale udongo ni wa pale pale.

Na kama pana nyumba, nendeni chini ya ukuta. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mvua ikipiga ardhi hurusha matone ya tope ukutani, kiasi cha shubiri moja au mbili kutoka chini. Ukuta uliopakwa chokaa ukiwa na mkanda mwekundu chini, basi nyumba ile imekaa juu ya kinongo, yaani udongo mwekundu wa shamba, au udongo wa jamaa yake: magharibi na katikati ya Unguja, au mashamba ya mikarafuu ya Pemba. Mkanda ukiwa wa kijivu hafifu, na kwenye majani yametokeza mawe yenye ncha kali, mpo maweni: mashariki na kusini ya Unguja, na kwa Pemba ndiyo hiyo Micheweni. Mkiona na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji kuzunguka mashamba, ushahidi umezidi nguvu.

Sasa rudini kwenye ile gari. Dimbwi la maweni lina rangi ya maji ya chokaa, na chini yake ni jiwe. Gari pale huvunja springi, huchana tairi, lakini kuzama mpaka ekseli kwenye tope jekundu si kwa mahali kama pale. Picha ile inajikana yenyewe.

Najua kuna atakayesimama aseme: mbona Konde ipo wilaya ya Micheweni, na udongo wake ni mzito? Kweli kabisa. Basi andika Konde! Taja shehia, yaani eneo la sheha, taja njia inatoka wapi inakwenda wapi. Jina la wilaya si mahali pa picha. Mwengine ataniambia siku hizi programu inajibu kwa sekunde. Inajibu, ndiyo, lakini itakupa jina la kijiji hata pale ambapo picha haina ushahidi wowote. Iulize imeona nini ukingoni, kisha ukatazame mwenyewe.

La pili ni jua. Mafunzo mengi ya nje yanasema jua la mchana likiwa kusini, picha ni ya nusu ya kaskazini ya dunia. Kanuni hiyo inawafaa wanaokaa mbali na Ikweta. Unguja ipo nyuzi 6 kusini, Pemba nyuzi 5, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Machi hiyo mpaka Oktoba, mchana jua lipo kaskazini yetu na kivuli huanguka kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume. Mwishoni mwa Juni kijiti cha mita 1 kikisimamishwa Unguja hutoa kivuli cha kama sentimita 56. Mwishoni mwa Disemba ni kama 31. Na mchana huo hauangukii saa sita kamili. Fuateni kalenda ya sala, adhuhuri inapoingia.

Mfano: picha inadaiwa ni ya Julai, adhuhuri, njia ya Paje kwenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, bahari ipo kushoto. Basi mpiga picha ameelekea kusini, na vivuli lazima vimkimbie, viende mbele yake. Vikimjia miguuni, ama mwezi ni uongo ama mahali ni uongo.

Muda unanibana, niharakishe. Namba ya gari ikianza na Z ni yetu Zanzibar, T ni ya bara, K ni ya Kenya. Namba ya njia ya daladala: 1 mwanzoni ni kaskazini ya Unguja, 3 kusini, 5 mjini, 6 Pemba. 116 ni Nungwi, 309 Jambiani, 603 ni Chake na Mkoani. Lakini daladala hukodiwa kwa harusi na maziko, kwa hiyo daladala moja si ushahidi wa kutosha. Mikarafuu ipo Madagascar na Komoro pia, ila huko gari hupita kulia. Na ukiona gari zinapita kulia, soma kwanza maandishi ya kibao cha skuli, huenda picha imegeuzwa kama ya kwenye kioo.

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida hufuta kumbukumbu ya mahali. Mwombeni aliyepiga aitume kama faili, pamoja na nyengine aliyopiga akielekea upande wa pili. Kisha fungueni picha ya setilaiti, mlinganishe kona ya njia, paa la msikiti au skuli, na njia panda iliyo karibu. Tazameni na tarehe ya setilaiti yenyewe, maana njia nyingi za shamba zimetiwa lami karibuni. Hivyo vitatu visipokubaliana, andikeni kuwa mahali hapajathibitishwa, na picha msiisambaze.