Kufyata si kuogopa

Nitalisema tena, na mlionisikia mwaka jana mnivumilie. Kufyata si kuogopa. Kila siku nasoma "timu fulani yafyata mkia", na ukimwuliza mwandishi fyata ni nini, anakujibu: kuogopa. Hapana bwana. Woga ni wa mbwa. Fyata ni ile kazi anayoufanyisha mkia.

Shahidi wangu ni ulimi. Tunaambiana "fyata ulimi wako", yaani nyamaza. Sasa kama kufyata ni kuingiza kitu katikati ya miguu ya nyuma, kama wengine wanavyodai, hebu nionyesheni huyo anayefyata ulimi anafanyaje! (Kicheko.) Ulimi unabanwa kinywani, mkia unabanwa mapajani. Ondoa ulimi, ondoa mkia, kinachobaki ni kubana.

Najua yupo hapa anayesema moyoni kwamba msemo huu tumeutafsiri, maana hata Waingereza wanausema mkia wa mbwa vivyo hivyo. Jamani, mbwa wetu hawakusubiri meli ya Mwingereza ndipo wafyate. Halafu msemo wa kuazima hauji na watoto wake. Fyata anao: fyatua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Fyata, fyatua: kilichobanwa kimeachiwa.

Mimi somo hili sikulipata darasani. Nililipata kwa mjomba wangu, fundi matofali. Unalowesha kalibu, ile fremu ya tofali, kwa maji ili udongo usigande, unalitupa bonge kwa nguvu, unalishindilia mpaka pembeni, unasawazisha juu kwa kijiti. Hapo udongo umebanwa pande zote nne. Kisha unanyanyua kalibu mara moja, bila kusitasita, na tofali linabaki chini limesimama. Ukisita, linameguka pembe. Mimi nilisita sana. Mjomba ananiangalia, anasema, "Wewe hufyatui, wewe unabembeleza." Miaka mingi baadaye, nikiwa na shahada yangu, ndipo nikaelewa kwa nini tofali, mtego na bunduki vyote vinafyatuliwa. Hakuna kinachofyatuka ambacho hakikubanwa kwanza. Na yule mtu mnayemwita fyatu, mfikirieni upya.

Rudini sasa kwa mbwa. Karibu na mkundu ana tezi mbili, na harufu yake ndiyo wenzake wanayoinusa wamtambue ni nani. Akifyata mkia anaifunika. Kwa hiyo ameficha kitambulisho! Na msidhani amekwisha. Msogelee akiwa kwenye kona hana pa kupita, utajua maana ya kufyatuka, na sindano za kichaa cha mbwa hazidungwi mara moja.

Naoneshwa saa. Nilitaka kusema juu ya kutikisa mkia, maana hapo nako watu wanakosea, wanadhani kila mkia unaotikisika ni furaha. Mwaka 2007 watafiti wa Italia waliwapima mbwa 30: wakimwona mwenye mbwa, mkia ulielemea zaidi kulia, wakiona mbwa mgeni mwenye ubabe, ukaelemea kushoto. Kunyata sikukugusa kabisa, wala kutunisha manyoya. Basi. Kaka wa nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja ulimi, uliza.