Erli wa Warwick: Cheo Kilichopita kwa Wanawake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Likitajwa jina la Erli wa Warwick, wengi humkumbuka Richard Neville, yule aliyempandisha mfalme mmoja kitini na kisha kumgeuka, katika Vita vya Mawaridi, vita vya koo mbili za kifalme zilizogombania kiti cha enzi cha Uingereza. Huyo leo nitampitia juu juu tu. Ninayetaka tumtazame ni mkewe, Anne Beauchamp, maana cheo kilikuwa cha ukoo wa mke. Bwana alikipata kwa kuoa.

Erli katika Uingereza ya zama zile alikuwa bwana mkubwa mwenye ardhi, ngome na watu wa kumfuata vitani, akiwa chini ya mfalme. Cheo cha Warwick kilianza mwaka 1088, mfalme William wa Pili alipompa Henry de Beaumont. Mwaka 1242 erli aliyekuwepo alifariki bila mtoto, dada yake Margery akakirithi. Mwaka 1268 kikamwangukia William Beauchamp, naye alikipata kwa upande wa mama. Kwa hiyo hata hao Beauchamp, waliojivunia ukoo wao kuliko wote, walifika hapo kupitia kwa mwanamke.

Baba yake Anne, Richard Beauchamp, alifia Rouen, Ufaransa, mwaka 1439. Mkifika mji wa Warwick, ingieni Kanisa la Mtakatifu Maria mkalione kaburi lake. Juu yake amelazwa yeye mwenyewe, sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, na miguuni pake kuna dubu, nembo ya ukoo wake. Itazameni mikono. Sanamu nyingi za makaburi ya enzi hiyo zimeunganisha viganja kama mtu anayeswali kikanisa. Huyu viganja vyake vimeachana, macho yanaelekea darini alikochongwa Bikira Maria, na mishipa ya mikono inaonekana. Fundi yule alijua kazi.

Sasa mirathi. Marehemu alioa mara mbili. Kwa mke wa kwanza alipata mabinti watatu: Margaret, Eleanor na Elizabeth. Kwa mke wa pili alipata Henry na Anne. Henry akawa erli, akafariki mwaka 1446 akiwa kijana wa miaka 21, akaacha binti mdogo. Binti naye akafariki mwaka 1449, bado mtoto. Nani arithi? Sheria ya Uingereza wakati huo ilimpa haki ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na ikawafungia nje ndugu wa baba tu. Kwa hiyo Anne, mdogo wa wote, akachukua fungu kubwa, na dada zake watatu wakabaki na manung'uniko. (Mliosoma elimu ya mirathi, linganisheni wenyewe.) Mume wa Anne, Neville, akawa Erli wa Warwick akiwa na miaka 20.

Manung'uniko hayo hayakuishia nyumbani. Eleanor alikuwa ameolewa na Edmund Beaufort wa Somerset, kipenzi cha mfalme Henry wa Sita. Neville na Somerset waligombania pia ardhi ya Glamorgan, na mwaka 1455 wakakutana na silaha mitaani St Albans. Somerset aliuawa. Vitabu hueleza vita ile kama ugomvi wa kiti cha enzi. Mimi naona mashemeji waliogombania mali wamesahauliwa mno.

Neville mwenyewe aliuawa Barnet, Jumapili ya Pasaka, 14 Aprili 1471. Anne akakimbilia abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Beaulieu. Mabinti zake wawili waliishia kuolewa na ndugu za mfalme Edward wa Nne: Isabel na George wa Clarence, Anne mdogo na Richard wa Gloucester. Wakwe hao waliutaka urithi wa mama mkwe, na mama mkwe yu hai. Akawa anaandika barua za kuomba haki yake, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na makarani. Mwaka 1474 Bunge likapitisha sheria kwamba mali yake igawanywe kana kwamba amekwisha kufa. Mnasikia? Mtu anakula, anaandika barua, na sheria inamhesabu maiti. Akaishi miaka mingine 18 hivi.

Mwaka 1487 Henry wa Saba alimrudishia ardhi zake kwa sheria, na haukupita muda akamfanya azikabidhi karibu zote kwa mfalme. Aliyenyimwa hapo ni mjukuu wa Anne, Edward, mtoto wa Isabel, erli wa jina tu, ambaye alikuwa amefungwa Mnara wa London tangu akiwa na miaka kumi. Alikatwa kichwa mwaka 1499.

Cheo kikalala hadi 1547, kikapewa John Dudley. Huyu kwa upande wa mama alikuwa wa uzao wa Margaret, yule dada mkubwa aliyefungiwa nje mwaka 1449. Akaichukua na nembo ya dubu.