Shukeni na maji: bonde la Pangani kutoka Old Moshi hadi baharini

(Mhadhara uliotolewa Moshi kwa vijana wanaosomea kuongoza watalii)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie vivutio vya bonde la Mto Pangani. Orodha ya vivutio mnayo, imebandikwa ukutani karibu kila ofisi ya safari hapa mjini, sitaisoma. Nimekuja na neno moja: mgeni akishateremka mlimani, msimkimbize uwanja wa ndege. Mteremsheni na maji. Na mkiteremka naye, kumbukeni kwamba reli tuliyoizoea, ya Tanga hadi Moshi, iliipita kando miji miwili yenye habari nyingi kuliko yote bondeni. Mmoja ni Old Moshi, uko huku juu kwetu, mwingine ni Pangani, uko kule mto unakoingia baharini.

Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu, mnayoivuka mkienda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yote humwaga maji Mto Kikuletwa. Upande wa pili kuna Ruvu, inayotokea kwenye miteremko ya Himo na Ziwa Jipe. Mito hiyo inakutana Nyumba ya Mungu, kwenye bwawa lililojengwa miaka ya 1960, na kuanzia hapo mto unaitwa Pangani hadi mwisho.

Chemka sitakaa sana, mnaijua. Ni chemchemi safi, mnaingilia Boma Ng'ombe kupitia Rundugai. Msiwaambie wageni kuwa maji yanachemka, wakifika wanakuta ya uvuguvugu tu wanaanza kununa. Na mwisho wa wiki, kwa muziki ule wa magari, mtu anayetaka kupumzika mpelekeni siku ya kazi.

Sasa Old Moshi. Zamani za Mangi, yaani mtawala wa Kichaga, Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, Moshi ilikuwa kule juu migombani. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipanda kutoka Pangani ikifuata bonde hili hili. Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari la Uingereza, walifungua misheni kwake mwaka 1885. Rindi akafa, akatawala mwanawe Meli, na mwaka 1892 watu wa Meli wakawapiga Wajerumani vibaya. Wajerumani wakawashuku wamisionari Waingereza kwamba ndio waliompa silaha, nao wakalazimika kuondoka. Mwaka uliofuata waliingia Walutheri wa shirika la Leipzig la Ujerumani, wakaanzia Machame, kisha wakaja Old Moshi. Kwa hiyo mgeni akiwauliza Kidia, kijiji cha Old Moshi, kwa nini kanisa ni la Kilutheri wakati waliotangulia ni Waanglikana, jibu lake ni vita, msimzungushe na mambo ya imani.

Hapo Kidia ndipo alipofanya kazi Bruno Gutmann, mchungaji aliyeandika mno juu ya mila za Wachaga, hadi alipoondoka mwaka 1938. Na huko huko Old Moshi ndiko alikonyongwa Mangi Meli, tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Ukoo wake bado unadai kichwa chake, ambacho unaamini kilipelekwa Ujerumani. Hapo msifanye haraka. Nimeshasikia muongozaji akilimaliza jambo hilo kwa sentensi mbili huku akiangalia saa, na mgeni mwenyewe alikuwa Mjerumani aliyetaka kuuliza.

Reli kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, ikaishia huku chini kwenye tambarare. Soko likashuka, ofisi zikashuka, mji ukajengwa stesheni ilipo. Kule juu vikabaki kanisa, shule na makaburi. Ndiyo maana ukipanda leo unaiona historia haijafunikwa na maduka.

Kilema nayo msiiruke. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipokelewa na Mangi Masaki wa Kilema mwaka 1848, mwaka ule ule alioona theluji ya Kilimanjaro. Mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kahawa ya mlimani hapa tunaihesabu kuanzia kwenye shamba la misheni hiyo. Ila kanisa ni nyumba ya ibada. Mpigieni simu paroko au mchungaji mapema, msiingize kamera katikati ya misa, na sadaka itolewe kwa parokia yenyewe, si kwa kijana anayejitokeza mlangoni.

Njiani kwenda Korogwe wengi hulala usingizi. Waamsheni Same muwaonyeshe milima ya Upare: huko Giti ndiko Waadventista walikoanzisha misheni yao ya kwanza nchini, mwaka 1903. Korogwe kuna mkonge na kuna chai ya kunywa, basi, twende.

Pangani mjini ndipo pa kulala angalau usiku mmoja. Agosti na Septemba 1888, wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipepee hapo. Watu wakakataa, pwani nzima ikawaka, na Bushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita. Alinyongwa hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Boma la kale lipo, mtaa wa Wahindi upo na milango yake ya nakshi, ingawa nyumba nyingine zimechoka na hakuna sababu ya kumficha mgeni. Ng'ambo ya mto, Kikokwe, ndiko mkonge ulikopandwa mara ya kwanza mwaka 1893. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000, ikafika hai 62.

Mnajiuliza mji wa namna hiyo ulishindwaje na Tanga. Mchanga. Mlango wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haziingii, na Tanga ina ghuba yenye kina. Reli ikaanzia Tanga, biashara ya bara ikahama, Pangani ikabaki na minazi yake. Old Moshi na Pangani, ncha mbili za njia ya misafara, zilinyang'anywa kazi na reli moja.

Anayetaka ufukwe mpelekeni Ushongo, kusini ya mto, kuna hoteli ndogo zilizotulia. Kisiwa cha Maziwe ni fungu la mchanga tupu, bahari ikijaa linafunikwa. Sisi watu wa mlima habari ya kupwa na kujaa hatuizoei, kwa hiyo jioni ya kuamkia safari muulizeni nahodha saa ya kutoka, na mgeni aambiwe kabla hajalala, maana huenda akatakiwa kuamka alfajiri.