Anayeliona Kwanza: Mhadhara wa Mtwara Kuhusu Kazi ya Mabomu

Waheshimiwa viongozi, wazee wangu wa Mikindani na Msimbati, ndugu zangu wa vikundi vya wavuvi, walimu, wanangu wanafunzi: asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Nimeombwa nizungumzie wataalamu wa mabomu, wale wanaochunguza milipuko, wanaotegua, na wanaosafisha ardhi iliyotegwa ili watu warudi kulima. Nilikuwa mhandisi wa medani jeshini, kisha nikafanya kazi ng'ambo ya Ruvuma kwenye mabomu ya ardhini. Kwa hiyo nitasema zaidi ya yale niliyoyashika kwa mikono.

Nina jambo moja la kuwaambia. Watu wengi hudhani kazi hii inaanza pale mtaalamu anaposhuka garini na vazi lake zito. Inaanza kabla ya hapo, kwa yule aliyeliona bomu kwanza: mchunga mbuzi, mama aliyekwenda kuchanja kuni, mvuvi aliyevuta wavu ukaja na kitu asichokijua. Yale atakayoyafanya katika dakika chache zile ndiyo yanaamua kama mtaalamu atakuta kazi au atakuta msiba.

Chukueni mfano wa Msumbiji, maana ni majirani na wengine hapa mna shangazi na wajomba Mueda na Palma. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO walianza vita vya ukombozi huko Cabo Delgado, nao wapiganaji wao wengi walikuja kufunzwa huku kwetu, Nachingwea. Wareno walitega mabomu mpakani na kuzunguka kambi zao ili kuwazuia wanaovuka kutoka Tanzania. Uhuru ukaja 1975, miaka miwili baadaye ikaanza vita nyingine ya wenyewe kwa wenyewe, na kila upande ukatega: kwenye madaraja, kwenye nguzo za umeme, kwenye visima, kwenye njia za kwenda shamba. Amani ilitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Askari wakarudi nyumbani, mabomu yakabaki kazini.

Ramani za kuaminika zilikuwa chache mno. Basi unaanzia wapi katika nchi kubwa kuliko mara mbili ya Ujerumani? Unaanzia chini ya mwembe, na wazee. Hatua ya kwanza ya usafishaji ni mazungumzo. Unauliza: nani aliumia, na alikuwa anakwenda wapi? Ng'ombe gani alikufa, upande upi wa njia? Mahali gani kuni zimejaa lakini hakuna mtu anayekwenda kuokota? Swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote. Kijiji chenye shida ya kuni kikiacha kuni zioze mahali fulani, pale pana habari. Wakati mwingine jibu lilitoka kwa mama mmoja aliyekaa kando bila kusema, kwa sababu wanaume ndio walioshika mazungumzo, ilhali yeye ndiye aliyekuwa akipita njia ile kila siku. Kiongozi wa timu asiyejua kumgeukia mama huyo atasafisha hekta tupu mwezi mzima, na bomu liko ng'ambo ya kijito.

Mpaka wa eneo linaloshukiwa ukishawekwa, ndipo anaingia mtu na mashine ya kugundua chuma. Anafungua ujia wenye upana wa mita moja. Kwanza anatafuta waya wa mtego, kisha anakata majani kidogo kidogo, kisha anapitisha mashine. Ikilia, anapiga magoti au kulala kifudifudi na kuchokoa udongo kwa chuma chembamba, akikilaza kwa nyuzi 30 hivi, ili ncha iguse ubavu wa bomu isije ikabonyeza kichwa chake. Mara nyingi anachokuta ni msumari, kopo la samaki, ganda la risasi. Anakiondoa, anaanza upya. Mwenzake yuko mbali, ili likimlipukia mmoja lisimchukue na wa pili. Kwa siku nzima, juani, mtu mmoja anaweza kumaliza eneo dogo kuliko uwanja wa netiboli. Nimewaona vijana wakifanya hivi msimu hadi msimu bila kuruka hata kiganja cha ardhi, na nasema mbele yenu kwamba sijaona uaminifu mkubwa kuliko huo. Hakuna bosi anayekuona ukiruka. Atakayejua ni mtoto atakayecheza pale baada ya miaka.

Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba imemaliza maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya ardhini. Shirika moja tu, HALO Trust, liliondoa zaidi ya 171,000 katika kazi ya zaidi ya miaka ishirini. Inauma kwamba katika miaka hii ya karibuni mabomu ya kutengenezwa kwa mikono yametegwa tena barabarani Cabo Delgado.

Na Watanzania tuna mchango ambao watu wa kusini hawauelezi vya kutosha. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa TNT, baruti inayojazwa ndani ya mabomu. Panya huyu ana uzito wa kilo moja na kidogo, hawezi kulifyatua bomu la kumlipua mtu. Hajali misumari wala makopo, anatafuta harufu ya baruti tu, na akiipata anakwaruza ardhi, apewe ndizi. Eneo la mita za mraba 200 analimaliza kwa nusu saa hivi, ambalo mtu mwenye mashine ya chuma angelifanya kwa siku kadhaa. Walifanya kazi Msumbiji. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71 na mengine 38 ambayo hayakulipuka, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Hapa kwetu wapo wanaomwona panya buku kama kitoweo, nami siwakatazi. Naomba tu mjue kazi yake nyingine.

Nije kwenye uchunguzi wa milipuko, maana unatugusa sisi wa pwani. Mchunguzi anafika baada ya mlipuko, na swali lake ni: kilikuwa nini, kilitoka wapi, kiliwashwa na nani? Anaweka uzio mpana kupita kipande cha mbali kabisa kilichoonekana. Anahakikisha hakuna bomu la pili lililoachwa kuwangoja waokoaji. Anaangalia shimo, anagawa eneo kwa miraba, anachekecha udongo, anapangusa chuma kwa pamba safi ili maabara isome masalia ya baruti. Baada ya ubalozi wa Marekani kushambuliwa Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, watu 11 wakauawa, wachunguzi wa kwetu na wa Marekani walikusanya vipande vya lori la friji lililobeba bomu. Oktoba 1999 mmoja wa washiriki alikamatwa Cape Town, na 2001 alihukumiwa New York. Kipande cha chuma unachokipiga teke barabarani kinaweza kuwa ndicho chenye jina la mwenye gari.

Sasa wavuvi, hili ni lenu. Sheria inakataza uvuvi wa baruti, na tunayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Mnajua samaki wa baruti anavyokuwa: kwa nje mzima, ndani uti wa mgongo umevunjika, kibofu cha hewa kimepasuka, damu imejaa tumboni, nyama inaachana na mifupa. Mkaguzi akimpasua, samaki mwenyewe anatoa ushahidi. Mnajua pia mikono iliyokatika kwa utambi mfupi, na matumbawe yaliyogeuka kifusi ambayo wajukuu zenu ndio pengine watakaoyaona yakirudi.

Lakini kuna jambo sijaona likizungumzwa. Kilipuzi, kile kidude chembamba cha chuma kinachoanzisha mlipuko, hakipikwi kijijini. Kinatoka kiwandani, kinapitia ghala la mgodi, la machimbo ya mawe au la ujenzi wa barabara, na ghala lina daftari: kimetoka lini, kimesainiwa na nani. Chupa ya baruti isiyolipuka inayonasa kwenye wavu wako inaweza kumrudisha mchunguzi hadi kwenye saini hiyo. Ukiitupa baharini, umemwokoa muuzaji. Ukiileta mkononi, unaweza kupoteza mkono. Iache ndani ya wavu, ukate kamba, weka boya juu yake, kumbuka alama mbili za nchi kavu, uite polisi kwa 112. Wavu ni hasara, najua bei yake. Ndiyo maana nawaomba viongozi waliokaa mbele hapa watenge fungu la kumfidia mvuvi wavu alioukata kwa sababu hiyo. Nalisema hadharani ili liandikwe.

Nchi kavu tuna wanunuzi wa vyuma chakavu, na watoto wanaowauzia. Oktoba 1917, Mahiwa, hapo Lindi, Wajerumani na Waingereza walipigana kwa siku nne kwa mizinga na bunduki za rashasha. TNT haizeeki kama chakula. Kombora la miaka mia moja linaweza kuwa na kutu nje na baruti nzima ndani, na baadhi ya baruti za kale, zile zenye asidi ya pikriki, zikigusana na chuma kwa muda mrefu huzaa chumvi ambazo msuguano mdogo tu unazilipua. Kombora lililofyatuliwa likakosa kulipuka ni baya zaidi ya lililo ghalani, kwa sababu fyuzi yake, ile sehemu inayoanzisha mlipuko, imeshafunguka. Baada ya maghala ya jeshi kulipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, makombora yalitupwa hadi kwenye makazi ya watu, na wengine waliyakuta uani.

Kuhusu kutegua, msiamini filamu za waya mwekundu na waya wa buluu. Kombora la kale aghalabu hulipuliwa hapo hapo lilipo, likiwa limezungushiwa mifuko ya mchanga. Bomu la kutengenezwa kwa mikono huendewa kwanza na roboti, na mara nyingi huvunjwa kwa maji yanayorushwa kwa kasi kubwa, yaukate mzunguko wa umeme kabla haujafanya kazi. Mtu kulifuata kwa miguu, na vazi la kilo 35 au zaidi mwilini, ni hatua ya mwisho kabisa. Anakwenda peke yake.

Kabla hajaenda, atakuuliza wewe. Umeliona wapi, umepitia njia ipi kufika na kurudi? Ni kubwa kama nini, lina mabawa, lina waya? Nani mwingine amelishika, limesogezwa? Usiwashe redio ya mawasiliano wala usipige simu ukiwa karibu nalo, rudi kwa nyayo zako ulizojia, kisha piga. Weka alama inayoonekana, tawi au kitambaa, mahali ulipogeukia, usiende kuiweka juu yake. Mwachie mtu mzima mmoja njiani awazuie watoto. Na mwalimu, ukiletewa darasani kitu cha chuma na mwanafunzi, usimgombeze wala usikipokee: mwambie akiweke chini taratibu pale aliposimama, watoe watoto wote nje kwa mlango wa mbali.

Nina michoro hapa ya aina za makombora na vilipuzi, nitaibandika ukutani. Nawaomba wavuvi wa Msimbati na wanunuzi wa vyuma chakavu waanze kuuliza, kisha wanafunzi.