Wazee Wasikalishwe Kitini

Assalaam aleikum, baba zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana mlangoni.

Kila Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, wageni humiminika Lamu, na mbele ya Msikiti wa Riyadha, alioasisi Habib Swaleh, twari, zile ngoma za mkono, hazilali. Mmewahi kulitazama goma, ile ngoma ya bakora, vizuri? Wazee wamejipanga safu, kanzu nyeupe, bakora mkononi, wakiyumba taratibu. Mzee aliyeshikwa mkono asubuhi kushuka ngazi, pale hashikwi na mtu. Bakora aliyokuwa akiiegemea sasa yacheza hewani.

Kisha Maulidi hwisha. Mzee hurudi barazani, na mwito wa pili ni mwakani, akijaaliwa. Hapo ndipo penye neno langu.

Huko San Francisco, Marekani, watafiti waliwakusanya watu 390 wa miaka 60 na zaidi katika vituo 12. Vingine vilianza kwaya za kila wiki mara moja, vingine vikangoja miezi 6, ili walinganishwe. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: upweke ulipungua, hamu ya maisha ikaongezeka. Kumbukumbu na nguvu za mwili hazikuonyesha tofauti. Nawapenda kwa kusema hilo wazi. Basi asije mtu hapa akauza kasida kuwa dawa ya usahaulifu, na vidonge vya presha mezeni kama mlivyoandikiwa.

Upweke, lakini, si jambo dogo. Angalieni kuitikia kunavyokwenda. Msomaji akishusha ubeti, itikio lazima limrudie. Mwenye sauti ya kukwaruza ana nafasi yake kama mwenye sauti ya asali, na asipofika, pengo lake lasikika. Mtu atatumwa akabishe hodi. Runinga haijawahi kumuulizia mtu.

Na vugo je, ngoma ya harusi ya wanawake? Beti zinazoimbwa pembe zikigongwa ziko vifuani mwa bibi zetu. Siku ya harusi twawafanyaje? Twawawekea kiti cha plastiki karibu na feni, twawaletea soda, kisha twafungulia spika hadi wasisikizane. Twaita heshima! Nami nimelifanya hilo, kwa mamangu mwenyewe.

Chumba hiki tumepewa kila Alhamisi baada ya alasiri. Twari zipo mbili, moja imepasuka kidogo. Bi mkubwa hapo dirishani, tangu nianze naiona midomo yako ikicheza. Shusha wewe, tutaitikia.